Maji Yaliyoachwa Yatulie

Inspekta alizamisha mkono mtoni hadi kwenye kiwiko, akautoa upesi kuliko alivyouingiza.

"Toba!" alisema.

Koplo, aliyekuwa ngazi mbili juu yake, aliangua kicheko, halafu akakumbuka ni nini kimewaleta pale, akakimeza. "Si nilikwambia, afande? Mimi hata maji ya bomba naoga kwa kushauriana nayo."

Lilikuwa jua la mchana, jua la kuchoma utosi. Saruji ya zile ngazi ilikuwa imepata moto hadi Inspekta, aliyekuwa amevua viatu, akawa anabadilisha miguu kama kuku. Mtu yeyote mwenye joto lake angeyaona maji yale ya kijani yaliyotulia, boya jekundu katikati na jukwaa la kurukia pembeni, angevua shati ajitupe bila kuuliza. Jana asubuhi msichana wa miaka kumi na saba alifanya hivyo hivyo. Alikuwa muogeleaji bora kuliko wote katika klabu ya pale mtoni. Alipanda jukwaani, akawapungia mkono watu wa ukingoni, akaruka. Aliibuka mara moja, mdomo wazi, macho yamemtoka. Hakuibuka tena mpaka alipotolewa, na alipotolewa alikuwa ameshakufa.

Mto haukuwa umefurika. Mkondo haukuwa na nguvu. Hakuna aliyemsukuma wala aliyemgusa. Mji mzima ulikuwa umeduwaa tangu jana. Watu walisimama madukani wakasahau walichotumwa kununua.

Daktari aliyeuchunguza mwili alikuwa ameeleza jambo lenyewe asubuhi hiyo, bila kupamba. "Mwili wa moto ukiingia ghafla kwenye maji baridi sana, kifua kinashtuka. Mtu anavuta pumzi kwa nguvu, atake asitake. Ubingwa hausaidii hapo. Sasa kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, havuti hewa, anavuta mto."

Kwa hiyo swali halikuwa nini kilichomuua. Swali lilikuwa bendera.

Pale klabuni palikuwa na sheria tatu, zimepakwa rangi kwenye ubao wa getini ambao hata mtoto wa chekechea angeuelewa. Maji yakiwa chini ya nyuzi kumi na tano, bendera nyekundu, hakuna kuingia. Kuanzia kumi na tano hadi kumi na nane, manjano: waogeleaji wazoefu tu, kandokando ya ukingo, na hakuna kuruka. Zaidi ya kumi na nane, kijani, kila mtu na raha zake. Jana bendera ilikuwa ya kijani. Chini yake, kwa chaki, mlinzi wa mto alikuwa ameandika: kumi na tisa.

Mlinzi huyo, ambaye jina lake la nyumbani hakuna aliyelikumbuka kwa kuwa wote walimwita Kibendera, alikuwa amelala mahabusu. Kesho asubuhi angepandishwa kwa hakimu kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Karatasi zilishaandikwa, ikibakia tu sahihi ya Inspekta.

Inspekta alishusha kipimajoto mtoni kwa kamba, akasubiri, akakivuta.

"Kumi na tatu," alisema.

"Na yeye aliandika kumi na tisa." Koplo alipiga ulimi. "Basi hakupima. Aliamka na usingizi wake akaandika namba aliyoiota. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, afande. Tia sahihi tukale."

"Hiki ni kipimajoto chake. Asubuhi nimekipeleka zahanati wakakilinganisha na cha kwao. Ni kizima."

"Kipimajoto kizima, mwenye nacho ndiye mbovu."

"Na baba wa marehemu? Umesoma maelezo yake?"

Koplo alikuna shingo. Alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe, jana, huku mzee wa watu akipiga meza kwa ngumi. Baba ndiye aliyekuwa akitaka Kibendera afungwe mpaka funguo zipotee. Lakini katika maelezo hayo hayo alisema, tena kwa kiapo: *Nilisimama karibu yake akipima. Nilisoma mwenyewe, mstari ulikuwa umefika kumi na tisa. Ndiyo maana nikamruhusu mwanangu.*

"Baba hawezi kumtetea mtu anayetaka afungwe," Inspekta alisema. "Kwa hiyo Kibendera alipima, na kipimajoto kilisema kumi na tisa kweli. Sasa niambie wewe mwenye njaa. Jua limewaka jana kutwa na leo kutwa. Mto gani unakaa juani siku mbili ukapoa kwa nyuzi sita?"

Koplo aliutazama mto kana kwamba umemtukana.

Ukweli ni kwamba mito haina haraka. Msimu ukigeuka, jua la wiki moja linapasha mabati, barabara na vichwa vya watu, lakini mto unaotoka milimani bado unateremsha baridi ya huko. Watu hulihisi joto la hewa wakadhani na maji yamelisikia. Mwaka huo mvua za milimani zilikuwa zimechelewa kuisha, na mto ulikuwa nyuma ya kalenda kabisa. Haukuwa na kumi na tisa jana. Haukuwa nayo hata juzi.

"Kilichopimwa jana," Inspekta alisema akivaa viatu, "hakikuwa mto."

Walipanda hadi kwenye jengo la vyumba vya kubadilishia nguo. Utepe wa polisi ulikuwa bado umezunguka kote, na kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa watu walipopiga yowe. Kandambili moja. Taulo. Fagio limeegeshwa mlangoni. Kando ya fagio, juu ya kigoda, ndoo ya plastiki ya lita kumi, imejaa maji maangavu, na tope jembamba limejilaza chini.

Inspekta hakuitazama ndoo. Alitazama mguu wa kigoda, ambao ulikuwa unatembea.

"Sisimizi," alisema Koplo. "Wapo kila mahali msimu huu."

"Kila mahali, ndiyo. Lakini hawapandi ndoo ya maji ya mto kwa mapenzi."

Mstari wa sisimizi ulipanda mguu wa kigoda, ukapanda ubavu wa ndoo, ukaishia mdomoni mwake. Pale mdomoni palikuwa na mchirizi uliokauka, mwembamba, wa rangi ya kahawia. Inspekta aliugusa kwa ncha ya kidole. Ulinata. Akaramba kidole, na Koplo akageuza uso upande wa pili.

"Chai," Inspekta alisema. "Ya sukari nyingi."

*

Nje ya kituo, kwenye benchi la wageni, alikuwa ameketi mama mmoja mzee, amejifunga khanga kiunoni kama aliyejiandaa kwa kazi. Alikuwa mama yake Kibendera. Tangu jana alikuwa amekataa kurudi nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamempa maji?"

"Amepewa."

"Yeye hanywi maji baridi," alisema yule mama. "Tangu mdogo."

Inspekta akapita.

Kibendera aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa bado amevaa fulana yake ya kazi, kubwa, ya njano, yenye filimbi shingoni. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumvua filimbi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega ya kupiga makasia, lakini aliketi kama aliyevunjwa kiuno.

"Nieleze unavyopima," Inspekta alisema. "Kila kitu, hatua kwa hatua. Usiniambie sheria inavyosema, niambie unavyofanya wewe."

"Nachota ndoo pale ngazini, afande. Naipandisha juu, naiweka mlangoni. Nafagia vyumba. Nikimaliza narudi, natumbukiza kipimajoto, nasoma, napandisha bendera."

"Kwa nini usipime mtoni kwenyewe?"

"Tope, afande. Asubuhi mto una tope. Kile kipimajoto ukikivuta kimejaa matope, ukikifuta kabla hujasoma mstari umeshasogea. Kwa hiyo unachota, unaacha yatulie, tope linakaa chini. Hapo unakisoma kikiwa humo humo ndani, safi kabisa."

"Nani alikufundisha?"

"Aliyenitangulia. Na yeye alifundishwa na aliyemtangulia. Sisi tumepima hivyo tangu klabu iwe klabu."

Koplo, aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa. "Kwa hiyo ndoo inakaa pale mlangoni peke yake, wewe uko ndani na fagio."

"Nani aibe maji ya mto?" Kibendera aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai kidogo.

"Jana kabla ya bendera, nani alikuwepo?"

"Mama Chai alikuwa anawasha jiko lake. Kocha alikuwa anafunga kamba za njia za kuogelea. Yule binti alikuwa chumbani anabadilisha nguo. Na baba yake, alikaa kwenye benchi anamsubiri. Basi."

"Uliposoma kumi na tisa, ulionaje?"

"Nilifurahi, afande." Alishika filimbi yake. "Wiki nzima nimewapandishia nyekundu. Wananiita mchawi wa mto. Mmoja akaniambia nimeoa friji. Nilipoona kumi na tisa nikasema, afadhali. Nikatia na mkono kwenye ndoo kuhakikisha. Yalikuwa na uvuguvugu kabisa."

"Kwenye ndoo."

"Ndiyo."

"Na mtoni? Mtoni ulitia mkono?"

Kibendera alifungua mdomo. Halafu aliufunika kwa kiganja.

"Ulipochota ndoo," Inspekta alisema polepole, "hukuyahisi?"

"Navaa glavu," alisema ndani ya kiganja. "Za mpira. Kamba ya ndoo inachana mikono. Afande, wallahi sikuuliza mto. Niliuliza ndoo."

Alilia kwa sauti, bila kujificha, kama watoto wanavyolia. Huko nje kwenye benchi mama yake alimsikia, wakamsikia naye akianza.

*

Mama Chai alikuwa na kibanda chake kando ya geti la klabu: jiko la mkaa, birika kubwa jeusi, vikombe vya bati na benchi mbili. Leo jiko lilikuwa linawaka lakini hapakuwa na wateja, isipokuwa kocha wa klabu, aliyeketi mwisho wa benchi akiwa ameshika kikombe ambacho alikuwa hajakigusa. Alikuwa na macho mekundu. Yeye ndiye aliyepiga mbizi kumtafuta yule msichana, na bado midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi.

"Mama, vikombe vyako ni hivi?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Nikumiminie?"

"Jana asubuhi, kabla ya bendera, uliingia ndani ya geti na kikombe?"

"Mimi? Mimi na jiko langu nje, wao na mto wao ndani."

"Kikombe kilichokuwa na mabaki ya chai chini. Ukakimimina kwenye ndoo ya Kibendera, kikachuruzika mdomoni mwa ndoo. Sisimizi wameniambia."

Mama Chai alisimama na birika mkononi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kauli, ambaye vijana wa mji mzima walimwogopa ulimi. Aliliweka birika chini, akakosea jiko, likaanguka ubavu na maji yakamwagikia mkaa kwa kishindo cha mvuke. Hakuna aliyeruka.

"Sikumimina chai," alisema. "Nilimimina maji ya moto. Kikombe ndicho kilikuwa na masalia, sikukisuuza."

"Kwa nini?"

"Bendera nyekundu ikipanda, mimi namwuzia nani? Wiki nzima nakaa naangaliana na birika. Nikasema niisukume kidogo. Maji yenyewe si yapo karibu? Jua lote hili! Nikasema labda imebaki uzi mmoja, au mbili." Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Kila mwaka msimu ukianza nafanya hivyo! Kila mwaka, na hakuna aliyewahi kupata hata mafua! Kikombe kimoja tu! Kimoja tu, Inspekta, kikombe kimoja kinaua mtu?"

Kule mwisho wa benchi kikombe kilidondoka.

"Na wewe?" kocha alisema.

Alikuwa amesimama, anamtazama Mama Chai kana kwamba amemwona mara ya kwanza maishani. Koplo, pamoja na njaa yake yote, alikuwa amelisikia neno hilo kabla hata ya Inspekta. Aliweka mkono begani mwa kocha, kwa upole, kama anayemzuia asianguke.

"Na yeye, pamoja na nani, kocha?" aliuliza.

Kocha alijaribu kuketi, akakosa benchi, akaketi chini kwenye vumbi. Alisema kwamba mashindano ya mikoa yalikuwa yamekaribia. Alisema kwamba vilabu vyenye mabwawa vilikuwa vinafanya mazoezi mwaka mzima, na yeye ana mto na bendera. Alikuwa na jagi dogo la umeme ofisini kwake. Alichukua kikombe kimoja, akapita mlangoni wakati Kibendera anafagia, akamimina. Alikadiria maji yapo kumi na saba na ushee, na angewaangalia vijana wake kwa jicho kali.

"Ulikadiria kwa kutumia nini?" Inspekta aliuliza.

"Kwa hewa," alisema kocha. "Asubuhi ilikuwa na joto."

Inspekta alikuwa na miaka mingi kazini. Alishawahoji watu waliouana kwa panga na waliouana kwa sumu. Alisimama tu pale getini, mikono imening'inia, akimtazama mwanamke mmoja na mwanamume mmoja ambao walikuwa wamempenda msichana yule, na kila mmoja alikuwa amebeba kikombe chake kwa siri asionekane na mwenzake.

"Koplo," alisema mwishowe. "Chota ndoo."

Walipima mbele yao wote wawili. Ndoo ile ile, baada ya kuandika na kupiga picha kila kitu, ikaoshwa na kujazwa upya pale ngazini: kumi na tatu. Mama Chai alichemsha maji mengine, Koplo akamshikia birika. Kikombe cha kwanza. Inspekta alikoroga kwa mti, akasubiri. Mstari ulipanda ukasimama kumi na tano.

"Mnaona?" Mama Chai alisema haraka. "Hata hayajafika. Ni nyuzi mbili tu!"

Kikombe cha pili. Mstari ulipanda tena, ukakaribia kumi na saba, ukagoma. Walisubiri. Ukaendelea kugoma.

"Haba na haba," alinong'ona Koplo, wala hakumalizia.

Kocha alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, pua yake karibu na kioo cha kipimajoto. "Manjano," alisema. "Hii ni manjano. Mimi kwa manjano siruhusu mtu apande jukwaani. Hata angelia." Aligeuka. Usoni mwake palikuwa na kitu kibaya sana kukitazama, nacho kilikuwa matumaini. "Inspekta, kwa vikombe vyetu angekuwa hai."

"Ndiyo."

"Basi si sisi."

"Ni nyinyi pia," alisema Inspekta. Akachukua kikombe cha tatu kwa mkono wake mwenyewe, akakimimina. Mstari ukapanda bila haraka, ukapita kumi na nane, ukasimama pale pale ulipokuwa umeandikwa kwa chaki.

Mama Chai alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza: yeye, kocha. Kibendera? Kibendera alikuwa mwenye bendera; kama angetaka kudanganya angepandisha rangi aipendayo, asingehitaji kuchemsha kitu. Msichana alikuwa chumbani, nguo mkononi. Kidole cha tano kilibaki kimesimama hewani, na Mama Chai alipokitambua alikirudisha ndani ya ngumi kwa hofu.

Inspekta alikuwa ameshafika hapo kabla yake. Yalikuwa yamemjia maneno mengine katika maelezo ya baba, ambayo jana yalipita kama maneno ya uchungu tu. *Walipomtoa nilitaka kumpasha. Nikamimina maji ya moto ya chupa kwenye taulo nimfunike kifua. Hayakutosha hata kulowesha taulo.*

Chupa ndogo ya kutunza joto ambayo hubebwa kila asubuhi, ikiwa imejaa, kwa ajili ya binti atakapotoka majini. Jana binti alikuwa bado hajatoka majini.

*

Nyumba ya msiba ilijulikana kwa viti. Vilikuwa vimeazimwa kwa majirani wote, vya mbao, vya plastiki, vya shuleni, vimepangwa uani hadi barabarani, na juu yake watu wamekaa wameinama. Baba wa marehemu aliwaona polisi tokea mbali akawajia mbio. Alikuwa fundi seremala, mrefu, mwenye vumbi la mbao ambalo halikuwahi kumtoka kwenye nyusi.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza. "Kwa hakimu. Nataka niwe wa kwanza mlangoni. Nataka anione."

"Tuzungumze ndani, baba."

Aliwapeleka jikoni, ambako hapakuwa na mtu. Inspekta aliurudisha mlango bila kuufunga kabisa. Koplo hakutoa kalamu.

"Atafungwa miaka mingapi?" baba aliuliza.

"Kila asubuhi ulikuwa unambebea maji ya moto?"

"Kila asubuhi. Akitoka mtoni anakunywa na asali. Mama yake ndiye anayajaza." Alikunja uso. "Hilo lina nini?"

"Jana chupa ilijaa?"

"Ilijaa."

"Na ulipotaka kumfunika taulo, hayakutosha."

Baba alikuwa anataka kujibu. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kujibu. Pumzi ile ilibaki ndani.

"Tumewapata wawili waliomimina maji ya moto kwenye ndoo ya kipimo," alisema Inspekta. "Kikombe kimoja kimoja. Hawakupanga, wala hakuna aliyejua habari za mwenzake. Nimepima mwenyewe. Vikombe viwili havitoshi."

Huko nje mtu alivuta kiti.

"Kifuniko tu," baba alisema. "Kile kifuniko cha chupa ambacho ni kikombe. Kimoja." Aliongea akitazama ukuta. "Alikuwa amenuna wiki nzima. Anaamka, anavaa, tunafika, nyekundu, tunarudi. Juzi alilia njiani. Mtoto wa miaka kumi na saba analia njiani kama kigori. Nikasema yule kijana na bendera yake anaonea watoto. Nikadhani yako kumi na saba. Nikadhani nasawazisha tu." Alimgeukia Inspekta. "Wewe umepima. Bila kifuniko changu ingesoma ngapi?"

"Baba..."

"Ngapi?"

"Chini ya kumi na saba."

"Manjano."

"Manjano."

"Manjano haruki."

"Haruki," alisema Inspekta.

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelezwa vipimo vya mlango. Halafu miguu ikamwacha. Koplo alimdaka kwa makwapa, akamkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akashtuka kuona amemkalisha juu ya ndoo, akamwinua tena akamweka kwenye kiti. Macho ya Koplo yalikuwa yamelowa na wala hakuyafuta.

"Nilijua," baba alisema. "Wakati namfunika lile taulo nilijua. Halafu nikamwona yule kijana amesimama na filimbi yake, nikampigia kelele muuaji, na watu wote wakaanza kupiga kelele hiyo hiyo. Ikawa rahisi. Kadiri nilivyopiga kelele ikawa rahisi zaidi."

Mlango ulisogea. Mke wake alikuwa amesimama pale, khanga imemteleza kichwani. Tangu jana mwanamke huyu hakuwa amesema neno, watu walikuwa wameanza kumhofia. Hakuna aliyejua amesimama pale muda gani.

"Mmempata?" alimwuliza Inspekta.

Inspekta alifungua mdomo, lakini mumewe alimwahi.

"Wamempata," alisema. "Niko hapa, mama. Ni mimi."

Mke alimtazama. Hakupiga yowe, hakumrukia. Alimtazama muda mrefu sana, usoni, kisha mikononi, na Inspekta, ambaye hakuwa mtu wa dua, alijikuta anaomba mwanamke yule apige kelele tu, chochote, kuliko kule kutazama. Huko uani wale watu wote walikuwa wamenyamaza, kwa maana jikoni kwa watu maskini hakuna siri.

Mwishowe mama alijitanda khanga yake vizuri. Alichukua kofia ya mumewe kwenye msumari, akampa.

"Nenda kamtoe mtoto wa watu," alisema.